Unanunua au Unakodi?



Wengi wetu hapa Namuwongo tunachukua simu au taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo. Moja ya kampuni za mpango huu ni M-KOPA, iliyoanza kuuza Kenya mwaka 2012, kisha ikaingia Uganda. Unatoa arubuni, halafu unalipa kwa simu. Kifaa kinahesabu siku ulizolipia, zikiisha kinajifunga. Betri imejaa, lakini taa haiwaki. Mfanyakazi akiachishwa kazi, mshahara na taa huzimika pamoja.

Hata hivyo, sola ya mkopo ina mwisho: ukimaliza deni inafunguliwa kabisa, ni mali yako. Kukodi hakuna mwisho. Tazama printa za HP. Tangu 2013, kuanzia Marekani, mteja aliyejiunga hulipa kila mwezi na kuletewa vikasha vya wino. Akijitoa, muda aliolipia ukiisha, kampuni huvifunga kwa njia ya intaneti, hata kama wino umebaki. Alilipia kurasa za kuchapa. Vikasha havikuwa vyake. Inambidi anunue vingine dukani.

Basi kabla ya kutia sahihi, uliza:

1. Ninanunua au ninakodi?
2. Jumla ni shilingi ngapi, na bei ya taslimu ni ngapi?
3. Nikikosa kazi, kifaa kitachukuliwa?

Tunza risiti zote. Ukimaliza kulipa, dai hati ya kuonyesha kuwa deni limekwisha. Asiyejua kusoma amwombe mwenzake wa tawi amsomee mkataba wote.