Chakula cha Wazee Wenye Kisukari
Sehemu ya Pili: Protini na Nguvu za Misuli

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi wanga wa wali, ugali, mihogo na mahamri unavyogeuka kuwa sukari ndani ya damu, na kwa nini kongosho lililochoka, au mwili usioitikia tena insulini kama desturi yake, hushindwa kuiondoa sukari hiyo kwa wakati. Leo twaingia katika sehemu ya maakuli ambayo wazee wetu wengi wenye maradhi haya hunyimwa, nayo ni protini, ile iliyomo katika samaki, nyama, mayai, maziwa, maharage, kunde, choroko na mbaazi, ambayo kwayo mwili hujenga misuli yake na kuirekebisha ikichakaa.

Ada iliyoenea majumbani, mzee akishaambiwa na tabibu kwamba ana kisukari, ni kumpunguzia. Huondolewa sukari katika chai, na hilo ni jema. Kisha huondolewa nyama, kisha mayai, kisha maharage kwa kuhofia tumbo lake, hata mwisho akabakiwa na uji mwepesi wa asubuhi na ugali kwa mchicha mchana na usiku, ilhali watu wa nyumbani wanaamini kwamba wamemfanyia hisani. Lakini uji na ugali aghalabu ni wanga, na huo ndio upandishao sukari. Kwa hivyo mzee huyo ameachiwa kile kinachomdhuru, akanyang'anywa kile ambacho kingemsaidia.

Sababu yake ni hii. Sukari inayoingia damuni baada ya mlo, sehemu yake kubwa hupokewa na misuli, ambayo kwa amri ya insulini huichoma ikawa nguvu au huiweka akiba. Misuli basi ni ghala ya sukari, na ghala ikipungua, shehena hubaki nje, yaani damuni. Umri unapopita miaka 60 misuli hupungua kwa kasi kuliko zamani, na kisukari chenyewe huzidisha upungufu huo; na mzee akilazwa kitandani, hasara huja upesi mno, kwani uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Seuze mzee mgonjwa, asiyekula protini ya kutosha!

Wako wanaohofu kwamba protini nayo hugeuka sukari. Ni kweli kwamba ini laweza kuigeuza sehemu yake, walakini tangu mwaka 1936 Jerome Conn na L. H. Newburgh wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliolishwa nyama, kwa kiasi ambacho kwa hesabu ya kemia kingetoa sukari nyingi, damu yao haikupanda sukari kama ilivyopanda walipopewa sukari yenyewe. Fauka ya hayo, protini huliamsha kongosho litoe insulini, nayo hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, hata wanga ulioliwa pamoja nayo ukaingia damuni taratibu.

Kwa sababu hiyo hata utaratibu wa kula una athari yake. Mwaka 2015 matabibu wa Weill Cornell mjini New York waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari mlo ule ule kwa siku mbili mbalimbali, mara moja wakianza na mkate, mara ya pili wakianza na nyama ya kuku na mboga, mkate ukafuata baadaye. Na katika mara hiyo ya pili sukari, saa moja baada ya kula, ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Mzee wetu basi na aanze na samaki na mchicha, kisha ndipo aukaribie wali.

Ama kuhusu kiasi, jopo la mabingwa wa lishe ya wazee lilitoa rai mwaka 2013 kwamba mtu aliyepita miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yaani mzee wa kilo 60 apate gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6, gilasi ya maziwa gramu 8, kipande cha samaki kilichoenea kiganja kama gramu 20, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Mayai mawili na gilasi ya maziwa asubuhi, samaki mchana, na maharage usiku, pamoja na kidogo kilichomo katika ugali na wali, hutimiza haja hiyo. Na ni bora igawanywe katika milo yote kuliko kurundikwa katika mlo mmoja, kwa kuwa misuli ya uzeeni huhitaji kiasi cha kutosha kila mara ndipo iitikie. Maharage nayo yana wanga wake, kwa hivyo siku yanapoliwa, ugali upunguzwe. Asiye na meno atapondewa choroko au atapewa mtindi usiotiwa sukari, na asiye na uwezo wa nyama asihuzunike, maana dagaa na kunde zatosha kabisa. Na chakula peke yake hakijengi misuli pasipo kazi: mzee na atembee, na mara kadhaa kwa siku ainuke kitini na kuketi tena bila kujishika kwa mikono.

Nasaha mbili za hadhari sharti zifuate. Kwanza, kisukari huharibu figo kimyakimya, na ambaye figo zake zimekwisha dhoofu huenda tabibu akamwekea mpaka wa gramu 0.8 kwa kilo. Basi mkojo na damu vipimwe kabla ya kuongeza protini. Pili, mzee anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka, na hapo yai wala nyama haimfai: apewe mara moja sukari au sharubati tamu, maadamu aweza kumeza.

Enyi mnaowapikia wazazi wenu, msidhani kwamba kumlinda mzee ni kumnyima. Mpelekeni apimwe figo, na tabibu akisharidhia, mwekeeni protini katika kila mlo.

(Itaendelea)