Kusomea Udaktari wa Elimu Ukiwa Maneromango

Watu wa kata ya Maneromango, wilayani Kisarawe, wameizoea elimu itokayo mbali tangu zamani, kwa kuwa katika muongo wa 1890 wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika katika nchi hiyo ya Wazaramo, wakajenga kanisa, na kando ya kanisa wakafungua darasa. Lakini mtoto aliyetaka kupanda daraja baada ya darasa lile hakuwa na budi kufunga mzigo. Alikwenda Minaki, ambako chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia kutoka Kiungani, Unguja, katika miaka ya 1920. Au alikwenda Pugu, kwenye vilima vilivyo jirani na Kisarawe, ambako Julius Nyerere alifundisha tangu 1953 mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Na akijaaliwa zaidi alivuka mpaka kwenda Makerere, au bahari kwenda Ulaya. Kanuni ilikuwa hiyo moja, kwamba apandaye ngazi ya ilimu huhama, na waliohama aghalabu hawakurudi.

Leo mkuu wa shule wa kata hiyohiyo anaweza kusajiliwa chuo kikuu, kuhudhuria semina, kupokea masahihisho ya msimamizi wake na kuwasilisha sura za tasnifu yake pasipo kuiacha shule hata muhula mmoja. Habari hiyo ya udaktari wa mtandaoni imekwisha kuenea, na wako wanaoipokea kwa tamaa, kana kwamba shahada imeshushwa bei, na wako wanaoipokea kwa dhihaka, kana kwamba masomo yasiyo na bweni si masomo. Mimi sioni hoja katika tamaa ile wala katika dhihaka hii. Ninaloliona ni kwamba, katika taaluma hii ya uongozi wa elimu kuliko taaluma nyingine nyingi, mtu aliyebaki shuleni kwake anayo mali ambayo aliyehama ameiacha nyuma, ila mali hiyo ina hatari zake, na asiyezijua itamponza.

Kwanza ifahamike udaktari wenyewe ni kitu gani. Wengi hudhani kuwa ni elimu ya shahada ya pili iliyoongezwa wingi, yaani vitabu vingi zaidi na mitihani migumu zaidi. Kumbe shahada ya uzamivu, kwa njia ya utafiti, hutolewa kwa mtu aliyeuliza swali moja ambalo halijajibiwa, akalitafutia jibu kwa njia iliyo wazi, akaliandika kwa namna ambayo mwingine anaweza kulikagua, kisha akasimama mbele ya watahini akalitetea. Muda wake haupungui miaka mitatu, na kwa mtu mwenye kazi huwa mingi zaidi. Vyuo vyetu aghalabu humtaka mtahiniwa awe amekwisha kutoa makala katika majarida ya kitaaluma kabla ya kuvikwa joho. Katika hayo yote hakuna hata moja ambalo mtandao unalipunguza. Mtandao hubeba barua na sauti, lakini kusoma, kuuliza, kuandika na kufuta hubaki kuwa kazi ya mtu mwenyewe, mara nyingi usiku, baada ya madaftari ya wanafunzi na vikao vya wazazi kwisha.

Wala kusoma kwa mbali si bidaa ya zama zetu. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasioishi London mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Nelson Mandela, aliyekuwa akiendelea kusomea sheria kwa barua katika kifungo chake, alipata shahada ya sheria ya chuo hicho mwaka 1989, kabla hajafunguliwa. Na kinachohusu zaidi maudhui yetu ni kuwa, huko Marekani, miongoni mwa watu wa mwanzo kutengenezewa udaktari wa namna hii walikuwa ni viongozi wa shule: mwaka 1970 mke na mume waliokuwa walimu wa New York walianzisha Walden, ili walimu na wakuu wa shule wasome pasipo kuacha kazi, na mwaka 1972 chuo cha Nova cha Florida kikaanza udaktari wa uongozi wa elimu kwa vikundi vya watu waliokuwa wakikutana karibu na makwao. Sababu yao ni ileile ya Kisarawe: mkuu wa shule hana likizo ya miaka minne.

Tanzania nayo ina tarehe yake, na naona ajabu kuwa tunaisahau. Lilipotolewa Azimio la Musoma mwaka 1974, likitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, nchi haikuwa na walimu wa kutosha wala vyuo vya kuwafunza kwa haraka. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakafundishwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa waratibu waliowazungukia, huku wakishika chaki mchana. Takriban 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Watu waliwacheka kwa jina la walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na kweli wengine walistahili kuongezewa mafunzo, lakini watu wengi wazima wa leo, pamoja na baadhi ya wenye kucheka, walifundishwa kusoma na walimu hao. Kisha Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1992 ya kuunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kikaanza kazi mwaka 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, mtu aliyekwisha kuongoza Chuo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kikaweka vituo mikoani, cha Pwani kikiwa Kibaha. Wakati huo masomo yalikwenda kwa vitabu vya posta na mitihani ya vituoni. Ni baada ya waya wa SEACOM kufika Dar es Salaam kupitia baharini, mwaka 2009, ndipo mtandao wa kasi ukaanza kuwa kitu cha kutegemewa, na msimamizi aliye Kinondoni akaweza kuonana uso kwa uso na mwanafunzi aliye Rufiji.

Sasa nirudi kwenye mali niliyoitaja. Tuseme mkuu wa shule moja ya kata huko Kisarawe anaandika andiko lake la utafiti, na kichwa alichokiweka ni "Uongozi wa shule na ufaulu wa wanafunzi nchini Tanzania". Msimamizi mzuri atalirudisha siku ileile, kwani hilo si swali, ni bahari. Atamwuliza: wewe kila siku unasumbuliwa na nini? Na huyo mkuu, akiacha lugha ya vitabu, atasema kuwa tangu waraka wa elimu bila malipo ulipoanza kutumika mwaka 2016, fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule, wanafunzi wameongezeka, na wazazi wamekwisha kuelewa kuwa hawadaiwi kitu, lakini chakula cha mchana hakimo katika fedha hizo, naye anapowaita kuchangia mahindi na maharage, mmoja huinuka mkutanini akasema, "Mwalimu, si tuliambiwa elimu ni bure?" Hapo swali limepatikana: mkuu wa shule ya kijijini hupata vipi ridhaa ya wazazi pasipo nguvu ya kuwalazimisha? Swali hilo profesa wa mjini hawezi kulitunga akiwa ofisini mwake, wala mtu aliyehamia ng'ambo miaka mitano hatalikumbuka lilivyo. Kuna mengine ya jinsi hiyo: nini hutokea kwa mahudhurio katika msimu wa korosho, au mwali anapowekwa ndani na mkuu wa shule ni mgeni asiyejua azungumze na nani, au kwa nini mwalimu hodari wa hisabati, akipewa ukuu wa shule kwa sababu ya uhodari huo, hushindwa na kikao cha watu kumi na wawili. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu ulioko Bagamoyo hufundisha kazi ya uongozi kwa ngazi ya cheti na stashahada, na kwa wakuu wengi mafunzo hayo yanatosha na yanafaa kuanziwa. Udaktari ni wa yule ambaye kufunzwa hakumtoshi, anataka kujua.

Hatari sasa. Mtafiti akiwa ndiye mkuu, na wajibuji wakiwa ndio walimu walio chini yake, ukweli hukaa nyuma ya pazia. Ni mwalimu gani atakayeandika katika hojaji kuwa mkuu wake ni dhalimu, hali hojaji itarudi mezani kwa mkuu huyohuyo? Anayefanya utafiti katika shule anayoiongoza hana budi kufanya moja kati ya mambo mawili: ama aende kuuliza katika kata nyingine, ambako hana cheo, ama amtume mtu mwingine akusanye majibu pasipo majina. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko bando na umeme, ambavyo watu hulalamikia kwanza. Kadhalika idhini: barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Kibaha, naye huiandikia wilaya, na wilaya huziandikia shule; asiyeanza mapema hupoteza miezi, hata kama shule anayoiulizia anaiona kutoka barazani kwake.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Simu janja haitoshi kuandikia tasnifu. Kompyuta ya kupakata inahitajika, na pahali penye mtandao, na desturi ya kupakua makala wakati bando lipo ili zisomwe wakati limekata. Aliye Maneromango atafanya vyema kufanya safari za Kibaha na Dar es Salaam pia, kwani wasimamizi ni watu, na mwanafunzi asiyeonekana husahauliwa. Upweke ndio uuao tasnifu nyingi. Dawa yake ni mwanafunzi kupata wenzake wawili watatu wanaosoma kitu kimoja, wasomeane sura kila mwezi.

Nimwonye msomaji juu ya ghiliba. Katika mtandao huohuo wamo wauzao udaktari kwa dola, pasipo swali wala msimamizi, kwa "uzoefu wa maisha" na ada ya mara moja, na majina yao hufananishwa makusudi na majina ya vyuo vyenye heshima. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ndiyo yenye kutambua shahada za nje. Basi anayetaka kusoma na chuo cha Marekani, Uingereza au Bara Hindi aiulize Tume kwanza, kwa maandishi, kabla hajalipa hata senti. Na kwa kuwa hakuna sheria imtakayo mkuu wa shule awe na uzamivu, anayetarajia kuwa shahada peke yake itampandishia mshahara au cheo afanye hesabu yake upya. Nyerere alitunukiwa udaktari wa heshima na vyuo vingi, na bado watu walimwita Mwalimu, naye hakuonekana kupungukiwa.

Limebaki jambo moja, nalo naliomba kwa wote, wanafunzi na wasimamizi. Mahojiano ya Maneromango hufanywa kwa Kiswahili, pengine kwa Kizaramo kwa wazee, lakini tasnifu za elimu huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo mzazi aliyetoa saa mbili za siku yake kueleza kwa nini hachangii mahindi hatasoma kamwe kilichoandikwa juu yake, wala mwenyekiti wa kamati ya shule hatakisoma. Kila anayetunukiwa udaktari kwa utafiti alioufanya Kisarawe na aandike muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili safi, apeleke nakala katika ofisi ya elimu ya wilaya na nakala katika kila shule aliyoiuliza maswali, kisha aombe nafasi katika mkutano mmoja wa wazazi, ausome na kuulizwa, kama alivyoulizwa na watahini wake.