Nyumba Mpya na Jirani wa Zamani

Ndugu mfanyakazi, mtu akiulizwa anataka nini katika maisha haya, kwa kawaida hutaja vitu vinavyohesabika: mshahara wa kutosha, nyumba ya matofali, bati lisilovuja, karo ya watoto. Ni nadra kumsikia akitaja jirani. Jirani ni kama maji ya bomba. Yakitoka hakuna anayeyasifu, lakini yakikatika siku moja tu mtaa mzima hupiga kelele. Leo tumeona tuzungumze juu ya huyo jirani, na tumechagua kwenda Busanza, kwani huko jambo hili limejionyesha waziwazi.

Busanza iko katika tarafa ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Kigali. Hapo pamejengwa majengo ya ghorofa kwa ajili ya watu waliotolewa Kangondo na Kibiraro. Mitaa hiyo miwili ilikuwa katika tarafa ya Remera, wilaya ya Gasabo, ikipakana na Nyarutarama wanakokaa wenye uwezo. Wengi waliifahamu kwa jina la Bannyahe. Jina hilo la Kinyarwanda ni swali: hawa watu wanajisaidia wapi? Lilitokana na uhaba wa vyoo, na wenyewe wakalizoea kama mtu anavyozoea jina la utani asilolipenda.

Serikali ilisema kwamba mitaa hiyo ilikuwa imesongamana na ya hatari, na kwamba haifai binadamu kuendelea kuishi hapo. Kampuni ya ujenzi ikaingia katika mpango huo, na wenye nyumba wakaambiwa kwamba badala ya kulipwa fedha watapewa nyumba Busanza, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Baadhi walikubali wakahama mapema. Wengine walikataa, wakaenda mahakamani kudai walipwe fedha taslimu ili kila mtu ajitafutie pa kukaa. Mabishano hayo yalichukua miaka, na mwezi wa Septemba 2022 wale wa mwisho waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa.

Hatuna haja ya kuirudia kesi hiyo hapa. Tena tuseme ukweli, nyumba za Busanza zina maji, umeme na choo. Mtu aliyekesha miaka kumi akikinga matone ya mvua kwa sufuria hawezi kulibeza jambo hilo, na anayelibeza kwa niaba yake mara nyingi ni yule ambaye hajapata kuvujiwa. Malalamiko yaliyosikika yalikuwa ya namna nyingine: kwamba familia kubwa imepewa vyumba vichache, kwamba mwenye vyumba vya kupangisha amepoteza kodi iliyokuwa ikimlisha, na kwamba kazi imebaki kule walikotoka.

Hebu tulitazame hilo la mwisho. Mthamini anapokuja kupima nyumba hushika utepe na daftari. Huandika ukuta, bati, mlango, sakafu, mgomba na mparachichi. Katika daftari hilo hamna mstari wa umbali kutoka mlangoni mpaka kibaruani. Wala hamna mstari wa yule mama wa mlango wa pili.

Mtu wa Bannyahe alikuwa akifua nguo katika nyumba za Nyarutarama, au akitunza bustani, au akibeba zege mahali panapojengwa. Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu. Habari ya kazi aliipata kwa jirani, kwamba mahali fulani wanahitaji vijana wawili kesho asubuhi, njoo mapema. Kibarua hakitangazwi gazetini. Hupita kinywa kwa kinywa, na huwafikia walio karibu na kinywa hicho. Siku ambayo kazi haikupatikana alichukua unga na mkaa kwa mkopo, kwa kuwa mwenye duka alimjua yeye, mke wake na ukoo wake. Mama aliyetoka saa kumi na moja alfajiri alimwacha mtoto kwa jirani bila malipo, na zamu ya jirani ilipofika naye akalipa kwa kulea. Ukijumlisha yote hayo kwa fedha utakuta ni mshahara wa pili, ingawa hakuna karani aliyeupitisha.

Binadamu naye ana tabia ya kuchekesha. Akikaa miaka minane na jirani huyo, atalalamika miaka minane: redio yake ina kelele, kuku wake wameparua mchicha, mkewe anauliza mno. Watenganishe kwa kilomita chache tu, na mwezi haujaisha utamsikia akisema hapa hapana watu. Watu wapo, ngazi nzima imejaa watu. Anachosema ni kwamba hapana anayemjua.

Na kuna kundi ambalo halikupata kutajwa sana, nalo ni la wapangaji. Nyumba za Busanza zilitolewa kwa wenye nyumba. Aliyekuwa amepanga chumba kimoja Kangondo alikunja godoro akatafuta chumba pengine. Ndugu msomaji, fikiri wewe uko upande gani. Walio wengi miongoni mwetu viwandani ni wapangaji, na mpangaji akiondolewa, mali pekee aliyokuwa nayo hapo mtaani ni watu anaofahamiana nao. Mali hiyo haibebeki juu ya lori.

Jambo hili halikuanzia Kigali, wala si la watu maskini wa Afrika peke yao. Baada ya vita vya pili vya dunia, Uingereza ilihamisha familia nyingi za wafanyakazi kutoka mitaa iliyosongamana ya London mashariki. Mmoja wa mitaa hiyo ni Bethnal Green, penye mafundi wa samani, wachukuzi wa mizigo na wafanyakazi wa viwandani. Wataalamu wawili, Michael Young na Peter Willmott, waliwafuata waliohamishiwa katika nyumba mpya nje ya jiji, na mwaka 1957 wakatoa kitabu juu ya hali zao. Walichokikuta kingeweza kuandikwa leo. Nyumba zilikuwa nzuri na watoto walipata hewa safi na pa kucheza, na watu walishukuru kwa hayo. Lakini mabinti waliokuwa wakionana na mama zao mara kwa mara wakawa hawaonani, nauli ikawa mzigo, na wanaume wengi wakaendelea kusafiri kurudi kazini kule kule walikotoka.

Tena wataalamu hao waligundua jambo moja ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko hata lile la nauli. Kule Bethnal Green mtu alipimwa kwa vile alivyojulikana: huyu ni mwana wa fulani, alisaidia siku ya msiba, ulimi wake ni mkali lakini moyo wake ni mwema. Huko kupya hakuna aliyejua hayo, basi watu wakaanza kupimana kwa vinavyoonekana dirishani na mlangoni. Fulani ana gari, fulani ana televisheni. Mtu akanunua asichoweza kulipia ili asidharauliwe na mtu asiyemjua hata kwa jina. Nadhani kila aliyehamia mtaa mpya anaijua hali hiyo, na pengine baadhi ya madeni tunayoyaona siku ya mshahara yana asili yake hapo.

Waganga nao wana la kusema. Katika chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kuna uchunguzi ulioanza mwaka 1938 na ambao umewafuata watu kwa maisha yao yote. Baadhi yao walikuwa wasomi wa chuo hicho na wengine walikuwa vijana kutoka mitaa maskini ya Boston. Walipofika uzeeni iligunduliwa kwamba waliokuwa na uhusiano mwema na watu wao walipokuwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika miaka 80, na kwamba uhusiano huo ulitabiri afya yao vizuri kuliko hata kipimo cha mafuta katika damu. Haina maana kwamba tuache dawa tukapige soga. Lakini mtu akisema upweke unamwumiza, tusimcheke.

Wazee wa Rwanda walilijua hilo bila kwenda Harvard. Zamani mgonjwa wa mlimani alibebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa, na wanaume wa kilima kizima walipokezana mabegani mpaka kwenye matibabu. Asiyetokea kubeba alitozwa. Haikuulizwa kama unampenda mgonjwa au mliwahi kugombania mpaka wa shamba. Ulibeba kwa sababu kesho ni zamu yako kulala humo ndani. Leo kuna gari la wagonjwa, na hilo ni jema. Hata hivyo mtu wa kulipigia simu hilo gari usiku wa manane, akakusaidia kuteremka ngazi na kubaki na watoto wako, bado ni huyo huyo jirani.

Sasa turudi kwenye saa, maana mfanyakazi huishi kwa saa. Mwezi wa Novemba 2022 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 kazi iwe saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa wazazi wapate nafasi na familia zao. Mwaka huo wa 2023 sheria ya kazi ikarekebishwa na saa 45 kwa wiki zikawa 40. Ni ushindi wa kupongezwa. Lakini saa iliyookolewa kiwandani inaweza kumezwa na barabara, na ikimezwa hakuna anayeiandika popote. Mwezi wa Machi 2024 serikali iliondoa ruzuku ya nauli za mabasi, na nauli ikapanda. Mfanyakazi anayekaa mbali akaongezewa gharama mara mbili, ya mfukoni na ya miguu, kwa kuwa asiye na nauli ya kwenda na kurudi hupanda basi asubuhi ili asichelewe na kurudi kwa miguu jioni. Huyo akifika nyumbani watoto wamelala, hata kama saa zake za kazi ni 40.

Wenzetu wa mashamba ya chai na miwa wanaweza kusema hili haliwahusu, kwa kuwa wao hukaa kambini, hatua chache kutoka kazini. Ni kweli wana ukaribu, na jirani wanaye ukuta kwa ukuta. Taabu yao ni ya upande mwingine: nyumba na kazi vimefungwa kamba moja, na siku kazi inapokwisha mtu hupoteza kazi, nyumba na majirani kwa barua moja. Mkataba nambari 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya nyumba za wafanyakazi. Pendekezo nambari 115 la mwaka 1961 linasema kwamba kwa kawaida si vyema mwajiri kumpa mfanyakazi nyumba yeye mwenyewe, isipokuwa pale hali inapolazimisha, kwa mfano mahali pa kazi panapokuwa mbali na miji. Walioandika hayo walifahamu kwamba mtu anayeogopa kupoteza kitanda hawezi kusema neno mbele ya mnyapara.

Basi kwa aliyekwisha kuhamia Busanza, au mahali popote kama Busanza, kuna mambo ambayo hayangoji mkutano wala kibali. Katika mtaa mpya kila mtu anamngoja mwenzake aanze kusalimu, na kila mmoja anadhani mwenzake ana maringo. Anayeanza hugundua kwamba mlango wa pili walikuwa wanangoja hivyo hivyo. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, unaoanza saa mbili hadi saa tano asubuhi, wengine huuona kama wajibu wa kutimiza na kuondoka; lakini kwa mgeni hiyo ndiyo nafasi ya kujua majina, kwani mtu akishika jembe pembeni yako huwezi kumnyamazia saa tatu nzima. Kutoka hapo ndipo huzaliwa ikimina, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Ikimina cha zamani mara nyingi hufa watu wanapotawanyika, kwa kuwa dhamana yake ilikuwa kujua mwenzako analala wapi. Kipya huanza na watu watano wa ngazi moja, na kiasi kidogo ambacho hakuna atakayekikimbia.

Na upande wa chama, mjumbe wa wafanyakazi akiingia kwenye mazungumzo ya mkataba wa pamoja, kabla ya kufika kwenye asilimia za nyongeza, ni vizuri awe na karatasi inayoonyesha kila mwanachama anakaa wapi, anatumia muda gani njiani na nauli kiasi gani. Kazi ya kuiandika ni ya jioni mbili. Waliokwisha kuhamishwa waandikwe peke yao, pamoja na mahali walipokuwa wakikaa zamani. Zamu ya usiku nayo iandikwe peke yake, kwa kuwa inapotoka basi ni chache na barabara ina giza, hasa kwa akina mama.