Mfululizo, mfuatano na mpangilio: tarehe katika data za mvua

Nomino *mfululizo* (wingi: *mifululizo*) inatokana na kitenzi *fululiza*, yaani kutenda jambo bila kulikatiza. Husemwa mvua imenyesha siku tatu mfululizo; siku ya pili ikiwa kavu, kauli hiyo haifai tena. *Mfuatano* hauna sharti hilo, kwa kuwa vitu huweza kufuatana vikiwa na pengo kati yao. *Mpangilio* ni kazi ya mkono: vitu vilevile hupangwa kwa ukubwa, kwa alfabeti au kwa wakati, kama atakavyo anayepanga. Wanatakwimu wanaposema *data za mfululizo wa wakati*, wanakusudia vipimo vilivyochukuliwa hatua kwa hatua katika wakati. Mpangilio ukiharibika, mfululizo haupo.

Tuchukue mvua za Mkoa wa Singida. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuweka mkoa huo katika eneo la mvua za Msimu, zinyeshazo mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili, tofauti na maeneo ya Vuli na Masika. Sasa mtu aandike majina ya miezi katika lahajedwali na kuiamuru programu iyapange. Programu isiyojua kwamba *Machi* ni mwezi huliona kuwa neno tu, nayo hupanga hivi: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, Machi, Mei, Novemba, Oktoba, Septemba. Katika mchoro wake mvua hupanda, hushuka Julai na Juni, huinuka Machi, hukatika Mei, kisha huinuka tena Novemba. Asiyeijua Singida atadhani mkulima wa alizeti ana misimu mitatu ya kupandia.

Kuandika *mwezi wa kwanza*, *mwezi wa pili* hakusaidii, maana kialfabeti *kumi* hutangulia *kwanza*, na *nane* hutangulia *nne*. Vifupisho navyo vina hila yao. Saba kati yake (Jan, Feb, Apr, Jun, Jul, Sep, Nov) vinafanana na vya Kiingereza. Mac, Mei, Ago, Okt na Des havifanani. Programu iliyowekwa kwa Kiingereza huweza kuzitambua tarehe za miezi saba na kuziacha za miezi mitano zikiwa maandishi, pengine bila onyo lolote.

Tarakimu pekee nazo zahitaji uangalifu. Sisi tunatanguliza siku. Wamarekani hutanguliza mwezi. Kwa hiyo 07/01/2024, tarehe saba Januari, huweza kusomwa kuwa tarehe mosi Julai. Singida yenyewe humsaidia mchunguzi hapa: mvua kubwa ikionekana katikati ya kiangazi, ashuku tarehe kabla ya kushuku mbingu. Kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-01-07. Faida yake ni kwamba hata programu ikiichukua tarehe hiyo kuwa maandishi, mpangilio wa maandishi na wa wakati huwa mmoja.

Tarehe zikishapangwa sawasawa, bado msimu wa Singida huvuka mwaka. Ukijumlisha kwa mwaka wa kalenda, mvua za Novemba 2023 zitaunganishwa na za Aprili 2023, ambazo ni za msimu uliopita. Afadhali kuongeza safu ya msimu, iandikwe 2023/2024, na hesabu ianze Novemba.

Siku isiyopimwa nayo isiandikwe sifuri, wala mstari wake usifutwe. Sifuri ni taarifa kwamba haikunyesha. Mstari uliofutwa huzikutanisha siku mbili zisizopakana, nao mfululizo ukageuka mfuatano. Mstari ubaki na tarehe yake, nafasi ya kipimo iwe tupu. Na kipimo kilichosomwa saa tatu asubuhi kiandikwe 09:00, kwani 03:00 kwa programu ni saa tisa usiku.