Mto Mara Ulipokosa Ziwa

Ukiwa Nyanungu, wilayani Tarime, Mto Mara uko upande wa kusini. Maji yake hutoka milima ya Mau nchini Kenya, yakapita Maasai Mara na Serengeti, yakaelekea magharibi mpaka kwenye kinamasi cha mafunjo, yakapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Ni safari ya karibu kilomita 400. Miaka 16,000 iliyopita haikuishia hapo, kwa sababu ziwa lenyewe halikuwapo. Huko kwenye kina ambako wavuvi wa leo wanatega sangara, palikuwa pakavu na pameota majani.

Aliyetunza habari hiyo ni tope. Mwaka 1995 watafiti walizamisha mabomba marefu katika sakafu ya ziwa, sehemu zenye kina kirefu, wakayatoa yakiwa yamejaa tope lililopangana tabaka juu ya tabaka. Juu kuna tope laini, jeusi, lenye mabaki ya vijimea vya majini. Ukishuka zaidi unakutana ghafla na udongo mgumu uliokauka, na ndani yake vijizizi vimesimama wima, pale pale vilipoota. Mizizi ya nyasi haioti chini ya maji ya mita 60. Na si shimo moja tu: mawimbi ya sauti yaliyopigwa kutoka melini yanaonyesha tabaka hilo gumu likiendelea chini ya tope mpaka katikati ya ziwa. Umri wake hupimwa kwa kaboni ya mnururisho iliyomo katika mabaki ya mimea, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Vipimo vinaangukia kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita.

Ziwa kubwa kuliko yote Afrika linakaukaje? Umbo lake ni kama sinia: pana sana, lakini kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi. Takriban sehemu nne kwa tano za maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mara, Kagera na mito mingine huleta yaliyobaki, na jua huyarudisha mengi angani. Mvua ikipungua kwa muda mrefu, mito peke yake haiwezi kulibeba.

Kilichoikata mvua kilianzia mbali. Dunia ilikuwa inatoka katika enzi ya barafu. Vipande vikubwa vya barafu vilimeguka vikaelea katika Atlantiki ya Kaskazini, bahari ikapoa, na pepo za mvua za Afrika na Asia zikadhoofika. Ziwa Tana la Ethiopia nalo lilikauka wakati huo. Enzi hizo za barafu huongozwa na mwendo wa dunia: umbo la njia yake kuzunguka jua hubadilika kwa mzunguko wa miaka kama 100,000, mwinamo wa mhimili wake kwa miaka 41,000, na yumbo la mhimili huo kwa miaka 23,000 hivi. Yumbo hilo ndilo lililokuja baadaye kuineemesha Afrika kwa mvua nyingi, mpaka Sahara ikawa na malisho na maziwa. Victoria likajaa, likafurika na kutokea Jinja, Uganda, na Nile Nyeupe ikapata tena maji yetu.

Visababishi vingine vya asili hufanya kazi kwa muda mfupi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, vumbi na gesi zake ziliipoza dunia kwa karibu nusu digrii, na baada ya miaka michache joto likarudi. Bahari ya Hindi nayo ikipata joto zaidi upande wetu, vuli huwa nzito. Ndivyo ilivyokuwa 1961, ziwa likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Ndivyo ilivyokuwa tena 2019, na kufikia Mei 2020 maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba na mashamba ya kando ya ziwa.

Wapo wanaosikia haya wakasema: basi tabianchi hubadilika yenyewe siku zote, ya leo yanatuhusu nini? Hoja hiyo naipinga kwa nguvu zote. Visababishi vya asili vinapimika, na tumevipima. Satelaiti zinazolitazama jua tangu 1978 hazijaona nguvu yake ikiongezeka kwa kiwango cha kueleza ongezeko la joto la dunia la sasa. Mizunguko ya dunia huenda polepole mno. Lakini viputo vya hewa ya kale katika barafu ya Antaktika vinaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ukaa haikuzidi sehemu 300 katika milioni. Kutoka enzi ya barafu ilipanda kwa sehemu 80 hivi, na ilichukua maelfu ya miaka. Sisi tumeongeza zaidi ya 140 katika karne mbili na ushei, kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Tope la Mara lenyewe linajua kutofautisha mkono wa asili na mkono wa mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulisoma tabaka za kinamasi cha mto huu kwa miaka 2,000 nyuma. Kwa karne nyingi udongo ulitua taratibu, mvua nyingi au chache. Tangu miaka ya 1960 unatua kwa kasi kubwa zaidi, ukiletwa kutoka juu ya mto, ambako misitu imekatwa na mashamba na malisho yamepanuka.