Kusoma Vocha ya Safari ya Ndege

(Somo la kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

 Juma lililopita tulisoma pamoja risiti ya duka na stakabadhi ya kuuzia korosho. Leo tutasoma karatasi nyingine. Wengi wenu labda hamjapata kuishika, lakini watoto wenu na ndugu zenu wakaao mbali huishika mara kwa mara, na siku moja watawaletea mwaitazame. Karatasi hiyo ni vocha ya safari ya ndege.

Neno vocha mnalijua. Ni ile karatasi ndogo ya simu mnayoikwangua kwa ukucha ili kuzipata tarakimu. Vocha ya ndege ni ndugu yake. Ni hati isemayo hivi: kampuni hii ya ndege ina deni kwako la kiasi hiki, na deni hilo litalipwa kwa kiti, wala si kwa fedha. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni maneno hayo ya mwisho: kwa kiti, wala si kwa fedha.

Nitawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2020 shangazi yangu alikata tikiti ya kwenda Muscat, huko Omani, kumwona dada yake mgonjwa. Fedha alizipata kwa kuuza kipande cha shamba. Mara ukaja ugonjwa wa korona, na ndege zikasimama karibu dunia nzima. Kampuni ya ndege ikampa vocha badala ya fedha zake. Shangazi hajui kusoma, basi akaniletea mimi mwenye stashahada ya chuo kikuu. Nikausoma mstari wa kwanza, ulioandikwa kwa herufi kubwa: vocha yadumu miezi kumi na miwili. Nikamwambia, "Shangazi, tulia, una mwaka mzima." Akaikunja ndani ya kanga akaitia sandukuni.

Safari zilipofunguliwa tena tukaenda ofisini tukiwa na miezi miwili mkononi, kwa hesabu yangu. Yule kijana wa mezani akatuonyesha mstari mdogo chini kabisa. Ile miezi kumi na miwili ilihesabiwa tangu siku tikiti ya kwanza ilipokatwa, si tangu siku vocha ilipotolewa. Tena ilitakiwa safari yenyewe iwe imekwisha kabla ya siku ya mwisho, si kuandikisha kiti tu. Vocha ilikuwa imekufa siku tisa zilizopita. Shangazi hakuniambia neno. Alinitazama tu, akaikunja karatasi ile kama alivyoikunja mara ya kwanza. Dada yake alikwisha fariki, naye hakumwona.

Nawaambia haya kwa sababu ajuaye kusoma aweza kusoma vibaya. Mimi nilisoma haraka.

Sasa na tuulize: kwa nini kampuni za ndege hutoa vocha, na tikiti za bei ya kupunguzwa, na zawadi za kila namna? Nendeni soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wakati wa alasiri. Changu aliyekuwa ghali asubuhi, sasa mwenyewe anakuita umchukue kwa bei yoyote, maana ataoza. Kiti cha ndege huoza upesi kuliko changu. Ndege ya Mwanza ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, basi saa kumi na mbili na dakika moja kiti kilicho kitupu hakina thamani hata ya senti. Samaki utamkausha au utamkaanga, lakini kiti hakikaushwi. Na mafuta ni karibu yale yale, na mishahara ya marubani ni ile ile, ndege ikijaa au isijae.

Lakini hapa ndege na samaki huachana. Muuza samaki hupunguza bei mwishoni. Kampuni ya ndege kwa kawaida huuza rahisi mwanzoni, majuma mengi kabla ya safari, kwa mtu awezaye kungoja. Kisha hupandisha bei siku zikikaribia, kwa kuwa anayenunua jana yake ni mfanyabiashara mwenye haraka, au mtu aliyefiwa. Huyo atalipa tu. Mimi sioni vema mfiwa atozwe zaidi, lakini ndivyo biashara hiyo ilivyo.

Katika matangazo yao liko neno moja dogo lenye kazi kubwa, nalo ni "kuanzia". Mwezi wa Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza, ikatangaza nauli kuanzia shilingi 32,000. Watu wengi waliokuwa wakisafiri kwa basi walipanda ndege kwa mara ya kwanza, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo kuanzia maana yake ni kwamba viti vichache vya kwanza ndivyo vyenye bei hiyo, na kodi na mizigo vilikuwa mbali. Fastjet iliacha kuruka Tanzania mwishoni mwa mwaka 2018.

Habari za ndege zenyewe nazo zafaa kusikilizwa na msafiri. Shirika la Ndege la Tanzania, ATCL, lilipokea ndege mbili za Bombardier Q400 mwezi wa Septemba 2016, na kila moja ina viti 76. Mwaka 2018 ikaja Boeing 787 yenye viti 262, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo Airbus A220 yenye viti 132. Njia iliyokuwa na ndege ya viti 76 ikipewa ya viti 132, kuna viti 56 zaidi vya kujazwa kila safari, na hapo ndipo bei za kupunguzwa hutangazwa. Kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 2022 ndege za A220 za shirika hilo zilikaa chini kwa matatizo ya injini zilizotengenezwa na Pratt & Whitney, matatizo yaliyozipata kampuni za nchi nyingine vilevile. Ndege zikikaa chini viti huwa vichache, na mwenye vocha huambiwa arudi siku nyingine. Huku tarehe ya vocha yake haingoji.

Wako pia watu wanaosafiri mara nyingi, ambao hupewa maili. Kampuni ya American Airlines ya Marekani ilianza mpango wake, uitwao AAdvantage, mwezi wa Mei 1981. Msafiri aliandikiwa maili alizoruka, na zikifika idadi fulani alipewa tikiti ya bure. Kampuni nyingine zikafuata. Jirani zetu wa Ethiopian wana ShebaMiles. Siku hizi mipango mingi haihesabu tena urefu wa safari bali fedha ulizolipa. Delta na United zilibadili hivyo mwaka 2015, na American mwaka 2016. Jina limebaki maili, ingawa si maili tena. Kumbukeni pia kwamba kampuni ndiyo iamuayo maili ngapi zitanunua kiti, nayo yaweza kuongeza hesabu hiyo kesho. Ni kama kuweka akiba kwa mtu ambaye pishi ni lake mwenyewe.

Mara chache mnunuzi hushinda. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chakula cha dukani, ikiahidi maili kwa kila alama ya bidhaa itakayotumwa. Akapiga hesabu, akaona maili zina thamani kuliko chakula chenyewe. Alinunua vikombe zaidi ya 12,000 vya pudini, akavitoa sadaka, akabaki na maili zaidi ya milioni moja.

Na kampuni nazo huteleza. Mwaka 1992 kampuni ya Hoover huko Uingereza, yenye kuuza mashine za kusafishia mazulia, ilikuwa na mali nyingi ghalani. Ikaahidi kwamba atakayenunua kitu cha pauni 100 atapewa tikiti mbili za bure kwenda Marekani na kurudi. Jamani! Tikiti mbili zilizidi bei ya mashine mara kadhaa. Watu walinunua mashine wasizozihitaji, wapate tikiti tu. Kampuni ilitegemea kwamba masharti na fomu nyingi zitawachosha watu. Wengi hawakuchoka. Waliokawizwa walikwenda mahakamani, na kesi ziliendelea miaka kadhaa. Jambo hilo liliigharimu kampuni karibu pauni milioni 50, na mwaka 1995 kazi zake za Ulaya ziliuzwa kwa kampuni ya Candy ya Italia. Walioshinda kesi zao walikuwa wamezihifadhi karatasi zao, wakazisoma mpaka mstari wa mwisho.

Jambo moja zaidi kabla hatujaanza zoezi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya iko sheria ya mwaka 2004 isemayo kwamba kampuni ikivunja safari, abiria akitaka nauli yake irudishwe, atalipwa katika siku saba, na asipewe vocha badala ya fedha mpaka yeye mwenyewe akubali kwa kutia sahihi. Sheria hiyo humlinda hata mtu wa kwetu anayeanzia safari yake katika uwanja wa ndege wa Ulaya. Kwa hiyo karatasi ikiletwa mbele yenu na kalamu juu yake, ulizeni kwanza: je, nikitia sahihi hapa, nitakuwa nimeacha fedha zangu? Shangazi yangu alitia dole gumba. Hakuna aliyemwuliza chochote, hata mimi.

Sasa fungueni ukurasa wenye mfano wa vocha. Mmoja asome kwa sauti, kuanzia chini kwenda juu, mstari mdogo kwanza. Wengine mtafute mambo haya: miezi inahesabiwa tangu siku gani, siku ya mwisho ni ya kuandikisha kiti au ya kusafiri, na je, mtu mwingine, kama mtoto wako, aweza kuitumia, au ni ya mwenye jina peke yake. Andikeni majibu katika daftari zenu kwa wino. Mwalimu atayasahihisha.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma kitabu cha benki. Kwaherini.