Asili ya Lahani ya "Fairy Dance" ya Uskoti: Jina na Dhana ya Jadi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza asili ya "Fairy Dance", lahani ya fidla ya Uskoti ambayo aghalabu huitwa ya jadi, yaani isiyo na mtunzi. Lahani hii ni ya aina ya rili: muziki wa dansi wenye mwendo wa kasi na sehemu mbili zinazopokezana. Inadaiwa hapa kuwa dhana hiyo haikutokana na ukosefu wa ushahidi, bali imechangiwa na jina lenyewe.

2.0 Mtunzi na Jina

Mtunzi anajulikana. Ni Nathaniel Gow (1763–1831), mpiga fidla na mchapishaji wa muziki mjini Edinburgh, mwana wa mpiga fidla mashuhuri Niel Gow (1727–1807). Aliitunga kwa ajili ya dansi ya chama cha wawindaji wa Fife mwaka 1802. Ilichapishwa katika mkusanyo wa tano wa akina Gow, mwaka 1809, kwa jina "Largo's Fairy Dance".

Largo ni mahali katika Fife. Kimilikishi katika jina hilo hakimtaji mtunzi, kwani katika makusanyo ya wakati huo majina ya lahani mengi yaliwaenzi wafadhili na mashamba yao. Neno Largo lilipodondoshwa, likabaki jina linalomaanisha ngoma ya vibwengo. Jina la namna hiyo humwelekeza msikilizaji kwenye ngano za kale, wala si kwenye ukumbi wa dansi wa mwaka 1802.

3.0 Uchapishaji na Usahaulifu

Isidhaniwe kuwa maandishi humhifadhi mtunzi daima. Akina Gow hao hao walichapisha lahani za William Marshall (1748–1833) bila kumtaja, nyingine kwa majina mapya. Marekani nako, lahani ya Gow ilizaa "Old Molly Hare", ambayo jina lake linataja sungura. Gow, Largo na vibwengo wote wametoweka.

4.0 Hitimisho

Hivyo basi, istilahi "jadi" hueleza njia ambayo utungo umepitia, wala haielezi chanzo chake. Mtafiti anayeyachanganya mambo haya mawili humnyang'anya mtunzi haki yake, na wakati huo huo huipa jamii sifa ya kutunga badala ya sifa yake halisi, ambayo ni kupokea, kubadili na kuhifadhi.